MJADALA: Mwalimu wa tempo apewe ajira kwanza, au afanye usaili kama wengine?

Mtoa mada, Igoma
Wakuu, kila mkeka wa ajira za walimu, yaani orodha ya majina, ukitoka hoja hii inarudi: waliokuwa wanajitolea mashuleni bila ajira rasmi, hao tunaowaita walimu wa tempo, waanze wao, wengine wafuate. Nimeisikia kwenye daladala za Buhongwa hapa Mwanza, nimeisikia mpaka msibani. Mimi napinga.

Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, wanafunzi walifurika kuliko walimu. Kwenye shule nyingi za vijijini, Sengerema, Magu, Ukerewe, pengo la hesabu na sayansi linazibwa na vijana waliomaliza chuo wakakosa ajira. Wazazi wanachanga, kamati ya shule inampa kijana kitu kidogo, mwezi mwingine hapewi kabisa. Ni kazi kubwa, sibishi.

Lakini nani anaweza kufundisha muda wote huo bila mshahara? Ni yule ambaye kwao ni jirani na shule. Analala kwa baba, anakula kwa mama, vocha anarushiwa na shangazi. Mwenzake waliyemaliza naye chuo, mtoto wa kwanza, wadogo zake wanamwangalia yeye, huyo yuko mwaloni Kirumba anapakia dagaa, au kachukua bodaboda ya mkataba. Moyo anao. Ukisema aliyejitolea atangulie, umempa ajira mwenye pa kulala na kumwacha anayebeba ukoo. Tena umemfundisha mwajiri kwamba asiharakishe kuajiri, maana foleni itajipanga yenyewe.

Walipwe posho inayojulikana, ya maandishi, itoke halmashauri. Usaili tufanye wote.

Mwalimu wa tempo, Sengerema
Kaka, maneno matamu hayo, na uko Igoma. Mimi hapa sina baba wa kunilaza. Nimepanga chumba kwa mwanakijiji, jioni nafundisha tuisheni, Jumamosi naenda kibarua cha mpunga. Nilikuja kwa sababu mbili na sioni aibu kuzitaja: kidato cha pili hawakuwa na mwalimu wa fizikia, na mimi nataka ajira.

Sasa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira nakaa na mtu ambaye tangu atoke chuo hajashika chaki. Usiku mimi nasahihisha madaftari, yeye anakariri maswali. Akinipita alama mbili, barua ni yake. Hiyo ndiyo haki unayoitetea?

Wa Nyegezi
Mimi ni mzazi, niseme la mzazi. Mwalimu akija kwa ajili ya ajira, siku akipata barua anaondoka hata kama ni katikati ya muhula. Kwetu wameondoka hivyo. Watoto wanabaki na daftari lililoishia mada ya tatu. Bora mwenye wito, hata mmoja.

Mzee wa mwaloni, Kirumba
Mwanangu wa Nyegezi, wito ninaujua, nimeuona ziwani. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara, 20 Septemba 2018, wakafa watu zaidi ya 220, wavuvi na mitumbwi yao ndio waliotangulia kuokoa. Hakuna aliyeuliza posho. Huku majini ni deni, leo mwenzako kesho wewe. Ndege ilipoanguka ziwani Bukoba, Novemba 2022, yule kijana mvuvi Majaliwa Jackson akaifuata kwa kasia. Baadaye akapewa shilingi milioni moja, Rais akaagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Sikusikia mtu akisema wema wake umeharibika kwa sababu kapewa kazi.

Ila ile ilikuwa shughuli ya asubuhi moja. Darasa ni kila siku, na kila siku ina ugali wake. Tazameni doria za uvuvi haramu kwenye BMU zetu, vile vikundi vya wavuvi vya kulinda mwalo. Mtu anaacha nyavu zake usiku, anawinda makokoro, nyavu za haramu, bila malipo, nyumbani wanamngoja na mikono mitupu. Wengine wanavumilia. Wengine wanaishia kupokea bahasha ya mwenye kokoro, na hapo samaki wachanga wanakwisha huku doria ipo. Wito msiutegemee kufanya kazi ya bajeti.

Mtoa mada, Igoma
Shikamoo mzee. Hilo la bahasha limenigusa kuliko yangu yote.

Dada yangu wa Nyegezi, hata aliyeajiriwa anahama. Kinachomshikilia mwalimu muhula mzima ni mkataba wenye posho na tarehe ya kumaliza, halafu mkimpenda mnamwongeza.

Mwalimu wa Sengerema, nakupa nusu. Uzoefu upewe alama ndani ya usaili, na uhesabiwe wa aliyefundisha shule binafsi pia, siyo wa tempo peke yake. Kumruka mtu foleni, hapana. Na hizo alama atazithibitisha nani? Ukisema barua ya mkuu wa shule, kesho barua zinauzwa Makoroboi kama mitumba.

Mwalimu wa tempo, Sengerema
Barua ya nini, kaka? Daftari la mahudhurio lipo ofisini, nasaini kila asubuhi. Maandalio ya masomo yapo. Upimaji wa kidato cha pili unatoka NECTA, Baraza la Mitihani, siyo kwa mkuu wa shule, na fizikia yetu kabla sijaja na baada ya kuja inaonekana. Wakaguzi waje wahesabu alama zao hapa hapa.

Wa Nyegezi
Na waulize wazazi. Hilo swali kwenye usaili halipo.