Sonic anafikisha miaka 35, ingekuwa juu yenu mngemfanyia sherehe gani?

kalunguyeye_wa_bluu aliuliza:

Wakuu habari zenu. Sonic, yule kalunguyeye wa bluu wa gemu za Sega, alitoka Juni 23, 1991 kwenye konsoli ya Mega Drive, kwahiyo Juni 2026 anatimiza miaka 35, na mimi kila ukifika mwaka unaoishia na 1 au 6 nakuwa na furaha na hofu kwa wakati mmoja. Ukifuatilia historia yake utaona bethidei zake ndo zimetupa baadhi ya gemu kali kabisa na bethidei hizohizo ndo nusura zimzike.

2001 alitimiza kumi, Sonic Adventure 2 ikatoka Juni 23 yenyewe, Japan kulikuwa mpaka na toleo la Birthday Pack lenye sarafu ya kumbukumbu ndani yake. Ilikuwa sherehe ila pia ilikuwa kama kuagana, maana mwezi wa kwanza mwaka uleule Sega walishatangaza kwamba konsoli yao ya Dreamcast wanaacha kuitengeneza. 2006 kumi na tano, mnajua wenyewe kilichotokea. 2011 ishirini ikaja gemu ya Sonic Generations. 2016 wakafanya tukio San Diego wakatangaza gemu ya Sonic Mania, lakini Mania yenyewe tukaishika mikononi Agosti 2017. 2021 wakatupa tamasha la okestra mtandaoni na trela fupi sana ya gemu iliyokuja kuwa Sonic Frontiers, nayo ikatoka Novemba 2022.

Mmeona kitu hapo? Zile mbili za mwisho zilichelewa kwa zaidi ya mwaka mmoja baada ya bethidei, na hakuna aliyekufa kwa kusubiri.

Sasa swali langu. Mngepewa nyie kuamua, miaka 35 ifanyweje? Gemu mpya kabisa, za zamani zifanyiwe ukarabati, muziki, katuni, au nini? Na hivi gemu ya bethidei ni lazima itoke mwaka wa bethidei? Mimi kwa moyo wote nasema hapana ila nataka kusikia na nyie mnasemaje.

(Kuhusu jina langu, najua wengi mnamwita nungunungu. Nungunungu ni yule mkubwa mwenye miiba mirefu, Sonic ni kalunguyeye, huyu mdogo anayejikunja kuwa mpira. Kujikunja ndo kila kitu kwenye gemu zake kwahiyo tumwite jina lake.)

pete_mia alijibu:

Mkuu umenigusa pabaya kwenye 2006. Mimi ile gemu huwa siichukii, huwa inaniuma, ni vitu viwili tofauti. Ukiitazama unaona kabisa walikuwa na nia kubwa, waliipa jina lileile la gemu ya kwanza, Sonic the Hedgehog bila namba wala nini, kama kusema tunaanza upya kwenye konsoli mpya za Xbox 360 na PlayStation 3. Halafu katikati ya kazi Yuji Naka aliyeandika kodi ya gemu ya kwanza akaondoka kwenda kuanzisha kampuni yake Prope, timu ikagawanywa maana wengine walipelekwa kutengeneza Secret Rings ya Wii, na tarehe haikusogezwa, lazima itoke msimu wa sikukuu wa mwaka wa bethidei. Ikatoka Novemba 2006 kwenye Xbox 360 ikiwa haijaiva.

Wale walioicheza mnakumbuka kulodi? Unaongea na mtu mjini, inalodi, anakwambia sentensi mbili za kazi anayotaka umfanyie, inalodi tena, unafanya ile kazi dakika moja, inalodi ikurudishe mjini. Hicho si kitu ambacho wale waandishi wa kodi hawakukiona, walikiona, walikosa tu miezi ya kukirekebisha. Na muziki wa ile gemu ni mzuri sana aisee, unasikia kabisa kuna watu walimaliza kazi yao kwa heshima huku upande wa pili muda umeisha.

Kwahiyo jibu langu kwa swali lako la pili ni hapana, hapana, hapana. Bethidei watoe keki, gemu itoke siku imeiva.

mkia_miwili alijibu:

@pete_mia nakubaliana na wewe kuhusu 2006 ila nakataa kwamba tarehe ndo adui. Rudini nyuma kidogo. Sonic 2 ilikuwa na tarehe ngumu kuliko zote, Novemba 24, 1992, Marekani na Ulaya siku moja, ilikuwa Jumanne wakaitangaza sana kwa jina la Sonic 2sday. Hiyo tarehe isingeweza kusogea hata kidogo. Walifanyaje? Walikata. Hatua ya Hidden Palace nzima ikatolewa, watu wakaja kukuta mabaki yake tu. Sonic 3 nayo muda ukawa hautoshi na katriji kubwa ilikuwa ghali, wakaikata katikati, nusu ikatoka Februari 1994 na nusu nyingine Oktoba ikaitwa Sonic & Knuckles, ile katriji yenye mdomo juu unachomeka ya Sonic 3 zinakuwa gemu moja ndefu. Na hiyo gemu iliyozaliwa kwa kukosa muda mpaka leo wengi wetu tunaiweka namba moja!

Ninachosema ni kwamba ukiwa na tarehe lazima uwe na mtu mwenye uthubutu wa kusema hiki tunakiacha. 2006 hawakuacha kitu, Sonic, Shadow, Silver, kila mmoja na hadithi yake, mji mzima wa kutembea, na timu imebaki nusu. Hapo ndo palipoharibika.

Kwahiyo 35 mimi nataka gemu fupi. Hatua nane, tisa, zimeng'arishwa mpaka zinateleza. Basi.

pete_mia alijibu:

@mkia_miwili hiyo ya kukata sikuwahi kuifikiria hivyo, nakupa. Ila angalia Sonic 3 waliikata na bado walitoa nusu ya pili miezi minane baadaye, ina maana nao waliongeza muda, waliuongeza kwa mlango wa nyuma tu.

studiopolis_usiku alijibu:

Mimi nije na Mania maana nikianza kuiongelea huwa sinyamazi.

Watu wanaisifia kwamba ni nzuri, sawa, lakini angalieni ilitoka wapi. Christian Whitehead alikuwa shabiki tu, alitengeneza injini yake mwenyewe akaonyesha kwamba Sonic CD inaweza kuchezwa vizuri kwenye simu, Sega badala ya kumfukuza wakampa kazi, ikatoka rasmi 2011. 2013 yeye na studio ya Headcannon wakafanya Sonic 2 ya simu, na humo wakaijenga ile Hidden Palace ambayo mkia_miwili kaitaja hapo juu. Mnajua mlango waliuweka wapi? Kwenye hatua ya Mystic Cave, kile kishimo chenye miba ambacho kwenye gemu ya zamani ukidondoka ukiwa Super Sonic (Sonic wa dhahabu asiyeumia mpaka pete ziishe) unakwama humo, hufi na hutoki, unasubiri pete ziishe. Wakakigeuza kikawa njia ya kwenda hatua iliyopotea zaidi ya miaka ishirini. Mtu wa namna hiyo haihitaji umwelezee maana ya bethidei.

Halafu ndo ikaja Mania, Whitehead, Headcannon na PagodaWest, muziki wa Tee Lopes ambaye naye alianza kwa kupiga nyimbo za Sonic mtandaoni kama shabiki. Hatua kumi na mbili, nane za zamani na nne mpya, ila hata hizo za zamani sehemu ya pili inakugeukia, unafika mwisho wa Chemical Plant ukijiandaa kwa bosi wa kawaida unakuta unatakiwa umshinde Eggman, adui yake Sonic, kwenye Mean Bean Machine, ile gemu ya kupanga maharage ya rangi ya 1993! Nilisimama kabisa nikapiga makofi chumbani peke yangu. Hiyo ndo zawadi, imetengenezwa na mtu anayekumbuka unachokumbuka wewe.

Generations naiheshimu, na naipenda kwamba hadithi yenyewe inaanza kwenye bethidei ya Sonic, marafiki wamemwandalia, ghafla linatokea lile dude la wakati linawabeba wote. Na kilichonigusa zaidi ni kwamba waliirudisha mpaka Crisis City, hatua ya gemu ya 2006. Wangeweza kujifanya ule mwaka haukuwepo. Hawakufanya hivyo, waliichukua hatua kutoka kwenye gemu iliyowaaibisha wakaijenga vizuri jinsi ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo. Kwangu mimi hiyo ni kubwa kuliko tamasha lolote.

35 wawape mashabiki tena. Wapo wengi, wana vipaji, na wanafanya kazi usiku bila kulipwa.

katriji_ya_zamani alijibu:

Nyote mnaongelea gemu mpya, mimi naomba kitu kimoja kidogo sana, zile za zamani ziwepo. Basi.

Mei 2022 mwezi mmoja kabla ya mkusanyiko wa Sonic Origins, Sonic 1, 2, 3 & Knuckles na CD ziliondolewa kuuzwa moja moja karibu maduka yote ya mtandaoni, zikabaki chache kama zile za Sega Ages kwenye Switch. Ukizitaka nyingine chukua mkusanyiko mzima. Origins ikatoka Juni 23, siku ya bethidei tena, na mambo mazuri yapo humo, Anniversary Mode inajaza skrini pana na imeondoa maisha ya kuhesabu, animesheni zake nzuri mno. Lakini Sonic 3 ya humo muziki wa hatua za Carnival Night, IceCap na Launch Base umebadilishwa, si ule tuliokua nao. IceCap! Ile sauti unaposhuka mlimani juu ya ubao kwenye theluji, mtu aliyeanza na Origins hajawahi kuisikia ndani ya gemu yenyewe.

Nawaelewa kuhusu haki za muziki, si jambo rahisi. Ila huwezi kusherehekea kitu huku ukikifanya kiwe kigumu kupatikana kuliko kilivyokuwa mwaka jana. Zawadi ya miaka 35 ingekuwa kila gemu kuu ipatikane, moja moja, kwenye mashine za sasa, kama ilivyotoka. Hata Sonic Adventure 2. Hata ya 2006, ndiyo, hata hiyo, mtu ajionee mwenyewe.

green_hill_kwa_sauti alijibu:

Muziki jamani mbona hamuutaji?? Lile tamasha la Juni 23, 2021 nililiangalia mara nne. Okestra kwanza, ikafuata bendi ya Tomoya Ohtani, ikafuata bendi ya Crush 40, na kila ukisoma maoni yaliyokuwa yanapita pembeni watu wanalia kwa lugha zote. 2023 wakaligeuza ziara, London, Los Angeles, watu wakaenda kuona kwa macho. Muziki wa gemu mbili za kwanza ulitungwa na Masato Nakamura wa Dreams Come True, bendi kubwa Japan, ndo maana zile nyimbo unaweza kuziimba, si milio ya kujaza nafasi tu.

Hii ndo sherehe ambayo haiwezi kuharibika kwa sababu ya gemu kuharakishwa. Waifanye tena, waiweke bure mtandaoni tena. Nimemaliza.

kalunguyeye_wa_bluu alijibu:

Nimesoma zote mara mbilimbili. @mkia_miwili hoja yako ya kukata imenibadilisha, nilikuja hapa nikiamini shida ni tarehe. @katriji_ya_zamani na wewe umesema kitu ambacho kinanihusu moja kwa moja maana nina mdogo wangu ana miaka tisa, kamjua Sonic kupitia filamu, anamwona Sonic ni yule wa kwenye sinema tu, na nataka siku hiyo ya Juni 23 nimkalishe acheze ya kwake ya kwanza. Nimwanzishie wapi? Nilikuwa nafikiria 1991 yenyewe.

studiopolis_usiku alijibu:

Usimwanzishie na 1991 mkuu, naipenda lakini baada ya hatua ya Green Hill inakuja Marble na pale spidi inakufa, kusubiri matofali yaelee kwenye lava, mtoto aliyetoka kwenye filamu atakuuliza mbona hakimbii. Mpe Mania, wewe shika Tails, rafiki yake Sonic anayeruka, kwa padi ya pili, akikwama unaruka naye unambeba. Akishaipenda ndo umrudishe 1991.

katriji_ya_zamani alijibu:

Mimi nasema Sonic 2, hatua ya Emerald Hill, na yenyewe Tails yupo. Ila mkifika Chemical Plant sehemu ya pili pale maji ya zambarau yanapopanda usimsaidie haraka. Mwache asikie ule muziki wa kuhesabu pumzi mpaka mwisho angalau mara moja.

kalunguyeye_wa_bluu alijibu:

Hahaha sikusubiri Juni, nimemjaribishia leo jioni, Sonic 2. Ule muziki ulipoanza aliacha kupumua na yeye, amekodoa macho, akakipata kiputo kimoja cha hewa sekunde ya mwisho kabisa halafu akanigeukia akaniuliza kama huyu ndo Sonic yuleyule. Nikamwambia ndo yeye. Sasa hivi hataki kuniachia padi.