Programu yasema tuna nafasi, kazi zachelewa: uwezo wa wafanyakazi hupimwa vipi?

mratibu_kisumu · Jumatatu, saa 3:10 asubuhi

Wanajukwaa, habari za asubuhi. Ninaratibu kazi katika ofisi ndogo ya upimaji na usanifu wa miradi ya maji hapa Kisumu, na kazi zetu nyingi ziko Siaya, Vihiga, Homa Bay na Busia. Tunaopangiwa kazi ni watu 12. Mwaka huu tulianza kutumia programu ya kusimamia miradi badala ya jedwali la Excel ambalo lilikuwa likifunguliwa na watu watatu kwa wakati mmoja, hadi ikawa hakuna anayejua nakala ya kweli ni ipi.

Wiki hii ya Juni programu imehesabu kwamba tuna saa 480, yaani watu 12 kwa saa 40, na kazi nilizozigawa ni saa 341, sawa na asilimia 71. Mkurugenzi akiiona hiyo 71 huuliza mbona watu wanakaa bure, na anataka kila mmoja afikishwe 95. Hata hivyo, miradi mitatu iko nyuma ya ratiba. Mpima ardhi wetu wa pekee mwenye leseni ana saa 56 na jina lake limepakwa rangi nyekundu, ilhali wachora ramani wawili wana saa 20 kila mmoja, na mmoja wao ameniuliza kwa upole kama kuna kosa alilolifanya. Nikibonyeza kitufe cha kusawazisha, kazi za mpima ardhi zinasukumwa hadi Julai, na mteja wetu ni kaunti inayotaka kuzilipia kabla ya mwaka wa fedha kufungwa tarehe 30 Juni.

Niongeze kwamba wenzetu wawili wako likizoni, mmoja ya mwaka na mwingine ya uzazi, lakini sikuwapangia kazi yoyote, kwa hivyo sidhani kama wanahusika. Ninakosea wapi?

Mzee wa Ratiba, Nakuru · Jumatatu, saa 4:45 asubuhi

Ndugu mratibu, hao wawili wanahusika sana. Hukuwapa kazi, lakini saa zao 80 umeziacha ndani ya zile 480, kwa hiyo unagawanya kazi ya watu 10 kwa uwezo wa watu 12. Ingia katika kalenda ya kila mfanyakazi uandike siku za likizo yake kwa tarehe, kisha programu yenyewe itaziondoa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku za likizo zisizopungua 21 kwa mwaka na miezi 3 ya likizo ya uzazi. Hizo si dharura za kukushtua kila zinapofika. Ukichukua siku 260 za kazi katika mwaka, ukatoa 21 za likizo na kama 10 za sikukuu, unabaki na 229, yaani saa 1,832 badala ya 2,080, na hapo bado hajaugua mtu.

Jambo la pili ni kwamba saa 40 si uwezo, ni mahudhurio. Katika ofisi yangu tuliwaomba watu waandike kwa wiki sita muda unaokwenda kwenye mikutano, barua pepe, kutafuta mafuta ya gari na kumsubiri afisa aliyetoka kidogo, tukapata takriban saa 6 kwa wiki kwa kila mmoja. Zenu huenda zikawa nyingine, zipimeni wenyewe. Lakini tukikopa hizo 6 kwa mfano tu, kila mtu anabaki na saa 34. Watu 10 kwa saa 34 ni saa 340, nawe umegawa 341. Ile asilimia 71 ya mkurugenzi ni mia moja na ushee.

Tahadhari moja: usiitoe likizo mara mbili. Nimeona waratibu wanaoandika likizo kwenye kalenda, kisha wanapunguza kiwango cha juu cha mfanyakazi, yaani sehemu ya muda wake inayoruhusiwa kupangiwa kazi, kutoka asilimia 100 hadi 85 "kwa ajili ya likizo", halafu wanashangaa kwa nini kila jina ni jekundu. Likizo ikae kwenye kalenda, na zile saa za mikutano ndizo zipunguze kiwango.

Kuhusu rangi nyekundu yenyewe, usiiogope kabla ya kuichunguza. Katika Microsoft Project, kazi mbili za saa moja moja zinazoanza saa 2 asubuhi siku ileile zinatosha kumfanya mtu aonekane amelemewa, hata kama siku nzima iliyobaki hana la kufanya. Unaweza kuiagiza programu, inaposawazisha, itafute mgongano kwa kipimo cha siku au cha wiki badala ya dakika, na migongano midogo kama hiyo ikapuuzwa, hata kama jina litabaki jekundu. Mgongano wa mpima ardhi wako hautapuuzwa, kwa sababu saa 56 ni saa 56.

dada_takwimu, Kakamega · Jumatatu, saa 7:20 mchana

Naunga mkono hesabu ya Mzee, lakini ningependa kulishughulikia lile sharti la asilimia 95, kwa sababu ndilo litakalowaumiza hata baada ya kalenda kusahihishwa.

Katika mfano rahisi kabisa wa foleni, ambapo kazi humjia mtu mmoja bila mpangilio na muda wa kila kazi hubadilikabadilika, muda wa kusubiri hupatikana kwa kugawanya kiwango cha matumizi kwa sehemu iliyobaki wazi. Akiwa na asilimia 80, kazi mpya itasubiri kwa wastani mara 4 ya muda unaohitajika kuifanya. Akifika 90 itasubiri mara 9, na akifika 95 itasubiri mara 19. Kazi ya siku moja inakaa mezani karibu wiki nne, na huyo mtu hajapumzika hata kidogo. Nakiri kwamba ofisi yenye kazi zilizojulikana mapema haiumii kiasi hicho, kwa kuwa ratiba hupunguza bahati nasibu, lakini anayefanya kazi na kaunti mwezi wa Juni asiniambie kwamba kazi zake huja kwa mpangilio.

Kwa hiyo mwambie mkurugenzi kwamba kuna vipimo viwili ambavyo ameviita kwa jina moja. Kimoja ni cha mhasibu: katika saa alizolipwa mfanyakazi, ni ngapi zimeingia kwenye ankara ya mteja. Kingine ni cha mratibu: katika saa alizo nazo kweli wiki ijayo, ni ngapi tayari zina mwenyewe. Cha kwanza anaweza kudai kipande. Cha pili akikijaza, ameuza hata nafasi ya kurekebisha makosa.

Na wastani wa ofisi nzima usimwonyeshe tena. Mchora ramani mwenye saa 20 hawezi kumpunguzia chochote mpima ardhi mwenye saa 56 kwa sababu tu wamejumlishwa katika safu moja. Panga uwezo kwa ujuzi, kila ujuzi na mstari wake.

mratibu_kisumu · Jumatatu, saa 10:05 jioni

Mzee, dada, nashukuru sana. Nimesahihisha kalenda na kweli hakuna nafasi; nimebaki nikicheka peke yangu hapa ofisini.

Nina maswali mawili. Safari niziweke wapi? Timu inayokwenda Mbita kupitia feri ya Luanda Kotieno inaweza kupoteza nusu siku kabla ya kifaa kutolewa kwenye sanduku. Pili, tuna zabuni moja ya saa 200 za mpima ardhi ambayo nakadiria uwezekano wa kuipata ni asilimia 30. Niiingize au niiache?

mkadiriaji, Bungoma · Jumatatu, saa 2:30 usiku

Kaka, safari ni kazi. Iandike kama shughuli inayojitegemea ndani ya mradi husika, kwa jina na saa zake, wala usiifiche kwa kupunguza uwezo wa mtu. Ukiificha, mradi wa Mbita utaonekana nafuu sawa na wa Maseno, hapo jirani na Kisumu, na mwaka ujao mtauza tena kwa bei ileile ya hasara.

Kuhusu zabuni, wengi watakushauri uzidishe saa 200 kwa asilimia 30 na uingize saa 60. Kwa kundi la mafundi wengi na zabuni nyingi, hesabu hiyo inafaa, maana nyingine zitakuja, nyingine hazitakuja. Kwa mtu mmoja haifai kabisa. Mpima ardhi wenu atapata saa 200 au atapata sufuri, hakuna wiki ambayo atapata 60. Iweke kama mradi usiothibitishwa, kwa rangi tofauti, usiihesabu katika jumla, kisha itazame ratiba yake mara mbili: zabuni ikiwemo, na zabuni isipokuwemo. Kama ikiwemo hakuna mahali pa kumpenyeza, mpime uwezekano wa kumkodi mwingine mwenye leseni kabla ya bahasha kufunguliwa.

Halafu kile kitufe cha kusawazisha kiache. Chenyewe huahirisha tu. Hakimtafuti mtu mbadala. Fungua zile saa 56 uone ni zipi zinazohitaji leseni. Kisheria upimaji unabaki dhamana yake, lakini kuandaa hesabu na kuchora ramani kunaweza kufanywa na wengine chini ya usimamizi wake, naye akakagua na kutia sahihi. Nina hakika mmeandika "Upimaji" kama shughuli moja na jina lake peke yake pembeni.

mratibu_kisumu · Jumanne, saa 5:15 asubuhi

Ndivyo tulivyoandika, neno kwa neno. Leo asubuhi nimeketi naye tukaigawanya: saa 14 za hesabu na uchoraji zimekwenda kwa wale wachora ramani wawili, saa 6 za uwandani kwa msaidizi wake, akabaki na saa 36. Bado amezidi 34 kwa saa 2, kwa hiyo nimempigia mteja mmoja wa binafsi wa Vihiga, asiyebanwa na tarehe 30, naye amekubali ziara yake isogezwe hadi wiki ya kwanza ya Julai. Mkurugenzi ameomba nimtumie ile hesabu ya mara 19 kwa maandishi.