Naomba ushauri: historia ya shamba la ng'ombe milimani Lushoto na mzungu aliyelimiliki

Habari zenu wadau, naishi Tanga mjini ila kwetu ni Lushoto. Kule juu kuna shamba la zamani la ng'ombe, babu yangu alikuwa mkamuaji pale, nataka niandike historia yake kabla wazee hawajatuishia. Yule mzungu mwenye shamba mpaka leo anatajwa, alikuwa anashuka sokoni na nyumbu wake (yule chotara wa punda na farasi), anabishana bei kwa Kisambaa safi kabisa, jioni anavaa kanzu na bakora mkononi! Siku hizi limebaki josho la mawe la kuogeshea ng'ombe, limejaa majani, ukuta wake bado mzima. Shida kila mzee ana lake, mmoja anasema alikuwa Mjerumani wa enzi Lushoto inaitwa Wilhelmstal, mwingine anasema Mgiriki, alinunua Waingereza walipouza mashamba waliyowanyang'anya Wajerumani baada ya vita ya 1914-1918. Sasa nianzie ofisi ya ardhi au Nyaraka za Taifa kule Dar? Na wazee nikiwarekodi kwa simu inatosha? Aliyewahi kufuatilia faili za mashamba ya zamani anielekeze jamani, wazee wenyewe wamebaki wachache.