Studio imefuta herufi za begani kwenye picha ya mzee wetu, kisha inatuambia alikuwa KAR (King's African Rifles)

Assalaam aleikum, wadau wa historia ya Pwani.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha. Familia yetu ilipeleka picha ya ami yake marehemu baba kwenye studio moja hapa Mombasa, ambayo jina lake sitalitaja, ili isafishwe na kukuzwa tuitundike ukumbini. Tulichorudishiwa ni picha ya rangi inayong'aa kama kalenda ya duka, na chini yake pameandikwa kwa herufi za dhahabu "King's African Rifles, Burma", maneno ambayo hakuna mtu yeyote katika familia aliyeomba yaandikwe. Mwenye studio alipoulizwa amejuaje, alijibu kwamba kofia ile ni ya KAR, yaani hao King's African Rifles, askari wa miguu wa Waingereza Afrika Mashariki, na kwamba wazee wetu wote waliokwenda vitani walikwenda Burma (Myanmar ya leo).

Majibu yote mawili ni ya kubahatisha. Kofia ile ya ukingo mpana, uliokunjwa juu upande mmoja, ilivaliwa katika Vita vya Pili na askari wa Afrika Mashariki wa kila aina: wa miguu, wa mizinga, madereva na wahandisi. Ama hiyo Burma, kabla batalioni za KAR hazijafika huko mwaka 1944 zilikuwa zimekwisha kupigana na Waitaliano Abyssinia (Ethiopia ya leo) mwaka 1941 na kutua Madagascar mwaka 1942. Hata ile alama ya kichwa cha kifaru, ambayo watu wakiiona begani hupiga kelele za furaha, ni ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kwa ujumla. Inakuonyesha divisheni, na ndani ya divisheni mlikuwa na KAR, wapiga mizinga na wengine chungu nzima.

Kinachotambulisha kikosi katika picha yetu ni kitu kidogo mno. Mzee amesimama kando ya kigoda chenye chombo cha maua, bega lake la kushoto limeelekea kamera, na mwisho kabisa wa ukanda wa bega pana herufi za shaba. Ukiitazama picha ya asili kwa kioo cha kukuzia, unasoma E, kisha A, halafu herufi zinazofuata zinaingia kwenye mkunjo wa kitambaa. K haipo. Herufi hizo mbili pekee zinatosha kumtoa mtu KAR na kumweka miongoni mwa vikosi vilivyoanza na jina la East African: Artillery, yaani mizinga, au Engineers, au Army Service Corps waliokuwa wakiendesha malori ya jeshi. Katika kazi ya studio, mahali hapo pana kidonge cha dhahabu kinachofanana na kifungo. Programu yao haikusoma herufi, ikabuni pambo, na aliyekaa mbele ya kompyuta akaridhika nalo.

Huenda mtu akauliza kuna tofauti gani, maadamu alikuwa askari. Tofauti ni kubwa kwa sababu mzee huyu hakurudi, na kauli pekee iliyobaki nyumbani ni kwamba alipanda meli Kilindini, bandari yetu ya Mombasa. Mwezi Februari 1944 meli ya kusafirishia wanajeshi, Khedive Ismail, iliondoka hapa Mombasa kwenda Colombo ikiwa na Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki, na tarehe 12 ikazamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache na watu wapatao 1,300. Wengi wa wapiga mizinga hao wameandikwa kwenye Mnara wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita, Nairobi. Sisemi kwamba alikuwa humo. Nasema kwamba anayeanza kumtafuta chini ya KAR ataipita orodha hiyo bila kuifungua.

Rangi nazo ni uzushi mtupu. Filamu nyingi za zamani hazikuihisi rangi nyekundu, na ndiyo maana tarbushi nyekundu katika picha za Vita vya Kwanza huonekana nyeusi. Askari wa KAR kabla ya 1914 walivaa kwenye tarbushi nambari za batalioni, za Kiarabu au za Kirumi, mara nyingi juu ya vipande vya kitambaa vya rangi. Sasa mtu akivipaka rangi aipendayo yeye, atakuwa ameihamisha batalioni nzima.

Lakini lililonitia uchungu zaidi ni kadi. Picha ilikuwa imebandikwa kwenye kadi ngumu yenye mhuri wa mpiga picha, na nyuma yake palikuwa na nambari ndefu iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi, ambayo tulikuwa tukiichukulia kuwa nambari yake ya jeshi. Wameibandua picha ili ilale vizuri kwenye skana, na kadi wameitupa. Wametupa! Walipoulizwa walisema ilikuwa imechakaa.

Tumedai fedha zetu, na tumewataka waiondoe nakala ya picha ile waliyoitundika dirishani kama tangazo la biashara, pamoja na maneno yale ya uongo. Mpaka naandika haya bado ingalipo. Ninachoomba kwenu ni hiki: mwenye picha ya askari wa miaka ile ambayo herufi za begani zinaanza na EA na zinasomeka hadi mwisho, aiweke hapa jinsi ilivyo, mbele na nyuma, bila kuisafisha wala kuitia rangi, ili tulinganishe nafasi na ukubwa wa herufi. Na anayetaka kuniambia "hiyo ni KAR" kwa kutazama kofia, tafadhali aanze kwa kusoma aya ya pili.