Mrejesho: barua za madai zisizojibiwa, na wahusika wanaohutubia

Wakuu, niliuliza mambo mawili: kwa nini barua za kudai malipo hazijibiwi, na kwa nini wahusika wa hadithi wanaongea kama wenyeviti wa kikao. Asanteni, majibu yamefanya kazi.

Barua kwanza. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" imefutwa; inakula mstari ambao msomaji angeona deni. Kichwa sasa kinabeba kila kitu: YAH: ANKARA NA. 014, SH. 480,000, ILIYOPASWA KULIPWA MACHI 15. Sentensi ya kwanza ni ombi lenyewe, na "mapema iwezekanavyo" imepisha "kabla ya Ijumaa, Machi 28", maana ombi lisilo na tarehe mhasibu huliweka chini ya yenye tarehe. "Malipo hayajafanyika" nayo inaficha mlipaji. Andika "hamjalipa" au, kwa upole, "tunaomba mtulipe". Ombi la pili liende barua ya pili. Ila kwa ofisi za serikali msifute "Rejea barua yenu yenye Kumb. Na...", kwa sababu masjala, yaani ofisi inayotunza majalada, hutafuta jalada kwa namba hiyo ya kumbukumbu.

Kwenye hadithi, soma mazungumzo kwa sauti na ukate salamu zote, isipokuwa salamu yenye kazi: kijana anayemnyima mjomba wake shikamoo ameshaeleza ugomvi. Hapo "alisema kwa hasira" haihitajiki tena.

Kilichobaki ni sentensi ndefu. Zikizidi maneno 25, nazikata kwenye "ambapo".