Nimemuumiza mpenzi wangu na nataka kubadilika, naombeni ushauri

Kijana_Nkuhungu:
Wakubwa shikamooni. Nina miaka 18, nimemaliza kidato cha nne, najifunza kuchomelea hapa Dodoma. Mpenzi wangu ni rika langu. Jumamosi tulikuwa Nyerere Square, simu yake ikaita, akakata. Nikataka kuona ni nani, akakataa. Nikamminya mkono mpaka akaiachia. Kumbe ni mjomba wake.

Si mara ya kwanza. Nimeshamsukuma, nimeshamtukana, na kila anapokwenda namtaka anitumie picha. Halafu naomba msamaha, namnunulia chipsi, yanaisha. Jumatatu nikamwona soko la Sabasaba, jua la saa saba, kavaa sweta. Aliponiona akalivuta mpaka kwenye vidole. Tangu hapo silali. Mzee wangu humpiga mama, nami niliapa sitakuwa kama yeye.

Hajibu meseji. Niende kwao nimwombe msamaha? Na hizi hasira nizifanyeje?

MamaWawili:
Usiende, mwanangu. Kukaa kwake kimya ndiyo jibu. Ukitokea mlangoni atakuitikia kwa woga, wewe utadhani amekusamehe. Niliwahi kuvaa hilo sweta. Na chipsi za siku ya pili nazijua, nilizila miaka miwili.

Fundi_Kongwa:
Dogo, fundi wako akikufokea mbele ya wateja, unamminya mkono? Humgusi. Basi breki unazo, kwa yule binti ulichagua kutozikanyaga. Nakwambia hivi kwa sababu nilimpiga mke wangu nikisingizia hasira na pombe. Nilianza kubadilika siku nilipoacha kusema "alinichokoza". Nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii, nikarudi tena na tena, na nikajifunza kuujua mwili wangu: taya zikikaza tu, nasema "natoka, nitarudi", natembea mpaka zilegee. Ilichukua muda mrefu. Mke wangu hakurudi, na alikuwa na haki.

Simu ya mtu mwingine usiishike tena. Anza na hilo leo.

Mdau_Area_C:
Ujue pia kwamba kumuumiza mtu ni kosa, kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, shambulio la kudhuru mwili. Akiamua kwenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, usimtumie rafiki kumbembeleza aache. Ukiitwa, nenda, useme ulichofanya.

Kijana_Nkuhungu:
Nilikuwa nimeandika meseji ndefu turudiane. Nimeifuta. Kesho nikitoka kazini naenda ofisi ya ustawi wa jamii pale jiji. Fundi, hilo la breki limenichoma, maana ni kweli, fundi wangu hunitukana kila siku na huwa nainama tu.

Mama, swali moja. Nina mdogo wangu wa darasa la tano. Mzee akianza, hujificha nyuma ya pipa la maji.

MamaWawili:
Mkaririshe namba 116, ni ya watoto, kupiga ni bure. Na usiku huo usimwache peke yake nyuma ya pipa. Mshike mkono polepole, mtoke naye mpaka kwa jirani.