Tupeane uzoefu: leseni ya kuuza pombe ndani ya duka la vyakula (Kenya)

Mwenye Rafu

Wadau wa maduka, habari za jioni. Naomba tukusanye hapa yale tuliyopitia sisi wenyewe tukiomba leseni ya kuuza pombe kwenye minimaketi na supamaketi. Habari za baa ziko tele. Ila mtu anayeuza unga, sabuni na maziwa, halafu anataka rafu mbili za bia na mvinyo, hana pa kuuliza. Akienda ofisini anaambiwa "lete stakabadhi zote" bila kuambiwa zote ni zipi.

Kwa wageni wa jambo hili: tangu Katiba ya 2010, leseni za pombe ziko mikononi mwa kaunti, na zimetajwa kwenye Jedwali la Nne. Ndiyo maana ada na fomu hubadilika ukivuka mpaka wa kaunti. Hata hivyo, uti wa mgongo wa sheria nyingi za kaunti ni ile Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ambayo sisi sote tunaiita ya Mututho, kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha na kupeleka mswada bungeni. Watu wanaikumbuka kwa saa za baa: kumi na moja jioni hadi tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana wikendi na sikukuu. Wenye maduka tunabanwa zaidi na mambo mengine mawili. La kwanza, duka liwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka chekechea, shule ya msingi, sekondari au taasisi yoyote ya walio chini ya miaka 18. La pili, supamaketi haipewi leseni hadi sehemu ya pombe iwe haifikiwi na mtoto.

Sasa langu. Leseni ya biashara ya kaunti nilikuwa nayo, cheti cha zimamoto kipo, wafanyakazi wamepimwa afya. Hivyo vyote havikupi ruhusa ya kuuza hata mkebe mmoja wa bia. Nikajaza fomu, notisi ikabandikwa ili mwenye pingamizi aseme, na afisa wa afya ya umma akaja kukagua. Hapo ndipo chekechea ilipojitokeza. Iko nyuma ya kanisa, ng'ambo ya barabara, na bango lake ni dogo, limeandikwa kwa mkono. Afisa alisimama langoni mwa chekechea, akaweka alama kwenye ramani ya simu, kisha tukatembea pamoja hadi mlangoni kwangu. Kwa kufuata barabara tulivuka mita 300. Kwa mstari ulionyooka, ukipita juu ya ua wa kanisa, hatukufika.

Kamati ya leseni ya kaunti ilikataa. Iliniuma, kwa sababu rafu zilikuwa zimeshachongwa. Lakini ninaamini walikuwa sawa. Saa sita na nusu mchana watoto wale hupita mbele ya duka langu wakiwa na sare, wengine wananunua biskuti, na hakuna ramani inayobadilisha hilo. Baadaye nilipata chumba upande wa pili wa soko, nikaomba upya, nikapewa. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetafuta chumba: kabla hujalipa kodi ya nyumba, tembea mtaa mzima kwa miguu ukiuliza chekechea ziko wapi. Nyingi hazina bango.

Haya, karibuni. Semeni kilichowakwamisha na masharti mliyoandikiwa.

Dada wa Minimaketi

Asante kaka kwa kuanzisha. Mimi nilikwama kwenye hilo la "sehemu isiyofikiwa na mtoto". Duka langu ni chumba kimoja kirefu. Nilifikiri rafu ya juu kabisa inatosha, mtoto hafiki. Afisa akaniambia kwa upole kwamba kinachotakiwa si urefu wa rafu, ni mahali mtoto hawezi kuingia.

Fundi alinijengea kizuizi cha wavu wa chuma kuanzia sakafuni hadi darini, upande wa ndani kabisa, chenye mlango wake na kufuli lake. Ndani kuna kaunta ndogo na mashine yake ya malipo, ili mtu alipie pombe humo humo asije kupanga foleni na chupa nyuma ya mama aliyebeba mtoto. Wakaja tena kukagua. Wakaridhika na wavu, lakini mmoja wao akasimama mlangoni mwa sehemu ile, akageuka, akatazama rafu iliyokuwa karibu yake. Ilikuwa ya peremende na juisi za pakiti. Akasema ile rafu ihamishwe, kwa sababu mtoto atakuwa amesimama hapo kila siku akichagua, macho yake yako kwenye chupa. Nilihamisha jioni ile ile. Pale pamekaa sabuni za kufulia na dawa za mende mpaka leo.

Na tangazo la kwamba hatuuzii walio chini ya miaka 18 liko mlangoni kwa Kiswahili, herufi kubwa. Leseni yenyewe nimeiweka kwenye fremu ya kioo ukutani, mahali inapoonekana. Ukiiweka kwenye droo, siku ya msako kanjo (askari wa kaunti) hawana muda wa kukusubiri utafute.

Jirani Mpinzani

Mimi sina duka. Niko upande wa waliopinga, na naomba nisikike pia, maana wenye maduka mara nyingi hudhani tunaweka pingamizi kwa chuki.

Mtaani kwetu supamaketi iliomba leseni. Notisi ilibandikwa kwenye ofisi ya chifu, mama mmoja wa chama chetu akaipiga picha na kuituma kwenye kikundi. Sheria inatoa siku zisizopungua 21 za kuandika pingamizi, basi tukaandika. Hoja yetu haikuwa kwamba pombe isiuzwe. Watu wazima wa mtaa wetu wananunua na kwenda kunywa kwao, hilo halina shida. Shida ni ile baraza ya mbele. Tulishaona kwenye duka jingine: mtu ananunua, anafungua papo hapo, anakaa kwenye kreti, wanakuwa watatu, wanakuwa sita, na ikifika saa mbili usiku binti yako hawezi kutumwa mkate.

Siku ya kikao tulipewa nafasi ya kuzungumza, na mwenye duka pia. Aliyesaidia ni yeye mwenyewe, maana alikuja na mchoro wa duka na akauliza, "Nifanye nini ili mridhike?" Tukakubaliana: hakuna kukaa barazani, kreti tupu zikae stoo, kusiwe na kifungua chupa kaunta, na taa ya nje iwake hadi duka lifungwe. Kamati ikayaandika kama masharti. Hilo la kifungua chupa nalipenda sana. Ni kitu kidogo, lakini mtu akikosa cha kufungulia hubeba chupa yake akaenda nyumbani.

Ombi langu kwa wenye maduka: pigeni hodi kwa majirani kabla notisi haijabandikwa. Mtu aliyesikia kutoka kwako haandiki barua kama aliyesikia ukutani.

Kaunta Namba Tatu

Mimi ni mhudumu tu, leseni ni ya bosi, lakini masharti yanatekelezwa na mikono yangu. Vijana wa miaka 16 wenye ndevu za kwanza nimewazoea. Nawaomba kitambulisho, hawana, wanaondoka. Wagumu ni watoto waliotumwa.

Jumamosi moja mtoto wa kiume, wa darasa la nne hivi, alikuja na noti imekunjwa ndani ya kipande cha karatasi. Kwenye karatasi: mkate, maziwa mawili, na kota moja (chupa ndogo) ya konyagi. Kwa chini baba yake ameandika jina na namba ya simu, "nipigie ukiwa na swali". Nikampa mkate na maziwa, nikamhesabia chenji mara mbili, nikampigia baba. Alifoka. Alisema ananijua, ananunua hapo miaka yote, mtoto hanywi, anabeba tu. Nikamwambia, "Mzee, nakuheshimu, lakini kota hii utaichukua mwenyewe." Alikuja saa moja baadaye akiwa bado amekasirika, akanunua, akaenda.

Hii naisema kwa mabosi mnaosoma. Mfanyakazi anayemkatalia mteja wa miaka yote anahitaji kujua kwamba mteja akilalamika, bosi atasimama naye. Wangu alisimama. Mwenzangu duka la jirani alikatwa mshahara kwa jambo kama hilo, na sasa anauzia yeyote anayefika kaunta. Leseni inapotea hivyo.

Afisa wa Afya Mstaafu

Nimesoma yote kwa furaha. Nilikagua maduka kwa miaka mingi, niongeze machache.

Kuhusu mita 300: sehemu niliyofanyia kazi tulipima mstari ulionyooka, kama alivyofanyiwa Mwenye Rafu. Ofisi nyingine zaweza kuwa na utaratibu wao, hivyo uliza kabla, na omba jibu kwa maandishi.

Afisa akiingia haangalii pombe peke yake. Anaangalia choo, maji ya kunawa, mfereji, stoo yenye hewa. Anaangalia njia ya kutokea moto ukizuka, na hapo maduka mengi huanguka kwa sababu kreti zimeziba mlango wa nyuma. Halafu anashika chupa. Kila chupa iwe na stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato, na siku hizi hata mteja anaweza kuikagua kwa programu ya simu iitwayo Soma Label. Jizoeze kukagua mzigo ukiwa bado kwenye gari la msambazaji, kabla hujasaini. Pombe ya pakiti za plastiki, zile za viroba, ilipigwa marufuku na sheria ya 2010, wala usikubali kuwekewa "chache za majaribio".

Umuhimu wa haya niliuona kwa macho yangu. Pombe yenye methanoli huua na kupofusha. Niliwahi kushika mkono wa kijana aliyekuwa anauliza kwa nini taa zimezimwa wodini, ilhali ilikuwa mchana. Duka linalonunua kwa wasambazaji halali na kutunza risiti linalinda watu kuliko msako wowote.

Risiti Mkononi

Langu fupi. Wakati wa kuhuisha leseni, mtu alinipigia akisema anaweza "kusukuma faili" nikimtumia pesa kwa simu yake binafsi. Nilikataa, faili likakaa. Nikaandika barua kuulizia, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu, nikarudi na nakala hiyo kila mara. Leseni ilitoka. Leseni ni ya mwaka mmoja, anza kuhuisha mapema, na kumbuka risiti ya malipo si leseni. Malipo yaende kwenye akaunti ya kaunti tu.

Mgeni wa Biashara

Swali: ile habari kwamba supamaketi zitakatazwa kabisa kuuza pombe imefika wapi? Nisije nikajenga wavu bure.

Mwenye Rafu

Ndugu Mgeni, unazungumzia sera ya kitaifa iliyozinduliwa Julai 2025. Inapendekeza umri wa kununua upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21, na pombe isiuzwe supamaketi wala mtandaoni. NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wenyewe walifafanua baada ya kelele za watu kwamba ile ni sera, na haiwi sheria hadi ipitie hatua za kutunga sheria. Kwa sasa sheria ya 2010 na ya kaunti yako ndizo zinazokuongoza. Mimi ningejenga wavu wa kufungwa kwa boliti, usiochomelewa ukutani, ili siku ukiutoa chumba kibaki cha matumizi mengine. Umri wa 21 siupingi hata kidogo.

Dada wa Minimaketi, tafadhali tuwekee picha ya ule mlango wa wavu, ukificha jina la duka. Na kuna swali nimetumiwa faraghani, sina jibu lake: mwenye duka alipewa leseni mwaka jana akiwa halali, sasa ghorofa ya pili ya jengo lile lile wamefungua chekechea. Leseni yake inaisha miezi michache ijayo. Aliyewahi kukutana na hili, kamati ilimwambiaje?